Siri ya Biashara Mbele ya Hakimu

Jirani yangu hapa Mishomoroni hutengeneza achari ya maembe. Msimu ukifika, paa lake lote huwa limeanikwa vipande vya maembe mabichi vilivyokolea chumvi, nasi tunaopita chini twajua bila kuambiwa kwamba keshokutwa pilipili itaanza kutwangwa. Kila pakiti inayotoka uani kwake huandikwa katika daftari jeusi la gamba gumu: duka gani, pakiti ngapi, nani kalipa, nani kakopa. Kurasa za nyuma ni za maembe: mkulima gani wa Kilifi, bei ya gunia, nani huchanganya mabovu chini. Ukilisoma daftari lile mpaka mwisho, biashara nzima umeijua.

Kijana aliyekuwa akimsambazia kwa tuktuk upande wa Bamburi alianza kuchelewesha pesa, kisha akaacha kupokea simu. Deni lilikuwa limefika elfu tisini. Watu wakamshauri mama aende Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu halazimiki kuwa na wakili, madai hayazidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Akaenda kuuliza. Akaelezwa kwamba ushahidi wake ni daftari, na kwamba mwenzake lazima apewe nakala ya ushahidi wowote utakaowasilishwa. Akarudi nalo kwapani. "Mwanangu," aliniambia, "yule kanidhulumu elfu tisini. Nikimpa daftari nimempa na duka."

Kauli hiyo ina mambo mawili ndani yake, na mijadala mingi huyachanganya. Kuna kumficha mpita njia, mwandishi wa gazeti, mshindani aliye kando. Na kuna kumficha yule yule uliyemshtaki. La kwanza ni suala la uwazi wa korti. La pili linagusa haki yenyewe, maana mtu hawezi kujitetea dhidi ya karatasi asiyoiona. Jirani yangu hakuwa na neno na umma. Nani wa hapa atafunga safari, avuke Daraja la Nyali, alipe ada ya kupekua jalada, ili asome bei ya gunia la maembe? Aliyemwogopa ni mmoja tu, na huyo ndiye sheria inasema apewe nakala.

Wazee wetu walikuwa na neno lake: lakiri, ile nta nyekundu iliyoyeyushwa juu ya bahasha ili atakayeifungua asiweze kukana. Korti za nchi kadhaa bado hutia lakiri, ingawa siku hizi ni alama tu kwenye kompyuta. Stakabadhi inawasilishwa, jaji anaisoma, umma hauioni, na pengine mpinzani mwenyewe haioni ila kupitia wakili wake. Je, Kenya lakiri hiyo tunayo?

Katiba ya 2010 inaanza na uwazi. Kifungu cha 50(1) kinampa kila mtu haki ya mgogoro wake kuamuliwa katika kikao cha haki kilicho wazi kwa umma. Kisha kifungu cha 50(8) kinaruhusu waandishi na watu wengine watolewe nje, na kinataja sababu: kulinda mashahidi au watu walio katika hali dhaifu, maadili, utulivu wa umma, au usalama wa taifa. Orodha inaishia hapo. Siri ya biashara haimo. Walioketi kuandika Katiba walikumbuka majasusi, wakakumbuka watoto, achari wakaisahau.

Wakili mwenye bidii atasema ipo milango mingine. Kifungu cha 31 kinalinda faragha, cha 40 kinalinda mali pamoja na mali ya ubunifu, na cha 24 kinaruhusu haki kuwekewa mipaka. Sawa, ila kifungu cha 24 kinataka mipaka hiyo iwekwe na sheria, na hiyo sheria ndiyo tunayoitafuta. Hatuna sheria moja mahususi ya siri za kibiashara; twategemea kanuni ya kulinda jambo ulilopewa kwa siri, tuliyoirithi kwa majaji wa Uingereza. Kanuni za kesi za madai za 2010 zina Agizo la 19, kanuni ya 6, inayomruhusu jaji kuondoa kwenye hati ya kiapo maneno ya kashfa, yasiyohusika au ya uonevu. Lakini kuondoa si kufunika. Kilichoondolewa hakiwezi tena kukusaidia kushinda. Kinachobaki ni kifungu cha 3A cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kinachohifadhi mamlaka ya asili ya korti kutoa amri inayohitajika ili haki itendeke. Jaji akitaka, atasimama juu ya 3A na kuamuru ukurasa fulani usionekane. Na asipotaka, hakuna pa kumshika.

Hata majirani wa mbali wametuachia swali badala ya jibu. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo Kenya ni mwanachama wake tangu 1995, unazitaka nchi, katika kesi za mali ya ubunifu, ziwe na njia ya kutambua habari za siri na kuzilinda. Ni kifungu cha 42. Sentensi hiyo hiyo inamalizia kwa kusema isipokuwa pale itakapopingana na matakwa ya katiba yaliyopo. Basi dunia inatwambia tulinde, kisha inatwambia tukaiulize Katiba, na Katiba imenyamaza.

Ukimya huo una gharama yake kwa mwenye kudai. Mwishoni mwa 2012, Safaricom na benki ya CBA walipozindua M-Shwari, kampuni ya Faulu ilikwenda kortini Nairobi ikidai kwamba wazo la mikopo ya simu ilikuwa imelitoa kwa siri katika mazungumzo. Korti ilikataa kuisimamisha huduma. Sitaki kuingia katika nani alikuwa na haki; ninachokitazama ni shida ya anayelia kwamba siri yake imechukuliwa. Ili aaminiwe, lazima aieleze hiyo siri, tena kwa undani, mbele ya yule anayedai kaichukua. Akieleza kijuujuu, ataambiwa hakuna siri hapo, ni wazo la kila mtu. Akieleza sawasawa, amemaliza kuitoa.

Kwa hiyo wenye uwezo hawaji. Huu ndio upande wa mambo ambao huwezi kuuona ukikaa kwenye benchi la korti, kwa sababu ni kesi zisizofika. Mikataba mikubwa huandikwa kwamba mgogoro utapelekwa kwa wasuluhishi, kwenye chumba cha hoteli au katika kituo cha usuluhishi cha kimataifa cha Nairobi kilichoundwa kwa sheria ya 2013, mlango ukiwa umefungwa. Wengine hupatana nje ya korti, na jambo la kwanza kuandikwa kwenye mapatano ni kwamba hakuna atakayeyasema. Huko lakiri ipo, tena nene, na haikuombwa kwa jaji yeyote wala haikutolewa sababu. Inanunuliwa kama huduma nyingine yoyote. Mama wa achari hawezi kuinunua.

Kuna mahali pamoja ambapo sheria yetu imeipanga siri waziwazi, nako ni kwenye zabuni. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 kinakataza taasisi ya umma kufichua habari ambazo zingedhuru maslahi halali ya kibiashara au kuvuruga ushindani. Aliyeshindwa akilalamika kwenye bodi ya mapitio, kama inavyotokea mara kwa mara na zabuni za bandari yetu, taasisi hupeleka jalada la tathmini kwa bodi likiwa la siri. Bodi hulisoma na kuamua ndani ya siku 21. Mlalamishi yeye hupewa muhtasari. Ukisoma maamuzi ya bodi utakutana na maneno "stakabadhi za siri" karibu kila penye hoja nzito, na hapo hukumu inakwambia bodi imeziona na imeridhika. Mfumo huo una kasi na unalinda bei za washindani, nami sipingi. Ila ni kumwomba mtu aliyekosa zabuni aamini kwamba kuna karatasi, kwamba karatasi inasema hivyo, na kwamba aliyeisoma ameielewa.

Sasa tuje kwenye karatasi ambazo Mombasa tumezililia kuliko zote.

Reli ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Mikopo yake mikubwa ilitiwa saini na benki ya Exim ya China mwaka 2014. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba makontena ya kwenda bara yapande reli, na madereva wa malori wa Changamwe, makanika wao, na akina mama wenye vibanda vya chakula kando ya barabara wakabaki wanatazamana. Kila mtu alitaka kujua mkataba unasema nini. Tangu mwishoni mwa 2018 palikuwa na uvumi kwamba bandari yenyewe imewekwa rehani, na uvumi haukukosa wa kuukuza, kwa sababu karatasi ya kuukata ilikuwa imefichwa.

Kabla ya hapo palikuwa na kesi ya Nairobi. Okiya Omtatah na wenzake walipinga jinsi mradi ulivyotolewa, na baadhi ya barua walizoziweka mbele ya korti walikuwa wamezipata mikononi mwa maafisa wasiotaka kutajwa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliziondoa stakabadhi hizo kwa kuwa hazikupatikana kwa njia halali, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaona kwamba ziliondolewa sawa. Mantiki yake ni kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuomba habari. Basi omba, usichomoe. Sina ugomvi na kanuni hiyo ikiwa mlango wa kuombea uko wazi. Mwaka 2014 Sheria ya Kupata Habari ilikuwa bado haijapitishwa, ilikuja 2016.

Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo walifuata njia hiyo ya kuomba. Khelef ni mtu wa shirika la MUHURI hapa Mombasa, na jina hilo limenichekesha zaidi ya mara moja: MUHURI ndiyo waliokwenda kortini kubandua muhuri. Waliomba mikataba ya reli, hawakuipata, wakafungua kesi Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2021. Serikali ilishikilia usiri ulioandikwa ndani ya mikataba yenyewe. Tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo aliamua kwamba kuwanyima habari hizo kulivunja Katiba, akaamuru zitolewe. Novemba mwaka huo Kipchumba Murkomen, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, aliiweka hadharani mikataba ya mikopo, na wanaharakati wakasema bado hawajapewa kila walichoomba.

Ilipofunguliwa ndipo tukaona kifungu kinachomtaka mkopaji ayaweke masharti yote siri mpaka mkopeshaji akubali kwa maandishi, na kingine kinachopeleka migogoro kwa wasuluhishi wa Beijing. Yaani kifungu cha siri nacho kilikuwa ni sehemu ya siri. Mkataba uliandikwa ili usiweze kuulizwa, na kama ungeulizwa, uulizwe mbali.

Uamuzi wa Mombasa ni muhimu kwa swali letu kwa jambo moja ambalo halikupigiwa kelele: pande mbili zikiandikiana kwamba jambo ni siri, hilo haliifungi korti. Usiri wa mkataba ni ahadi kati ya watu wawili. Hautoshi kuwa sababu mbele ya wa tatu mwenye haki ya kujua. Sheria ya Kupata Habari imeuweka mzani huo katika kifungu cha 6. Inakubali kwamba habari inaweza kuzuiwa ikiwa itadhuru sana maslahi ya kibiashara, kisha inaipa korti nafasi ya kuifungua ikiwa faida kwa umma inazidi madhara. Lakini mzani huo umetengenezewa mtu anayeomba habari kwa taasisi. Hakuna aliyeuingiza rasmi kwenye kaunta ya masijala, pale ambapo mlalamishi anawasilisha hati yake ya kiapo na vielelezo A mpaka K.

Nani basi angeogopa lakiri? Watu wa Owino Uhuru. Kule Mikindani kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari, na risasi ikaingia katika damu za watoto. Kesi yao ilifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa, ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Rudi hatua moja nyuma na ufikirie kesi hiyo mahali ambapo kampuni inaweza kusema, kwa urahisi, kwamba jinsi inavyoyeyusha na inavyotupa taka ni siri yake ya kiufundi. Vibali, vipimo, barua za maonyo, vyote ndani ya bahasha. Wanakijiji wangeweza hata kushinda, na sisi wa upande wa pili wa kisiwa tusijue kiwanda kinachofanana nacho kikoje.

Hilo si la kubuni. Marekani, ambako kutia lakiri ni jambo la kila siku katika kesi za madai, jimbo la Kentucky liliishtaki Purdue, watengenezaji wa dawa ya OxyContin. Mwaka 2015 walipatana kwa dola milioni 24, na ushahidi uliokusanywa ukabaki umefungwa katika korti ya kaunti ya Pike, mahali ambapo dawa hiyo ilikuwa ikiua watu. Chombo cha habari cha STAT kilikwenda kortini kudai ufunguliwe. Maneno ya Richard Sackler chini ya kiapo hayakusomwa na umma mpaka 2019. Waliotia lakiri ile hawakuvunja sheria yoyote. Pande zote zilikubaliana, na jaji ambaye pande zote zimekubaliana mbele yake huwa hana mtu wa kumkumbusha aliye nje.

Majaji wa zamani wa London waliliona mapema. Katika kesi ya Scott na Scott ya mwaka 1913 mabwana wale walisema kwamba korti ni wazi, na aibu ya wahusika si sababu ya kufunga mlango; ila waliacha tundu dogo kwa kesi ambayo uwazi wenyewe ungeangamiza kitu kinachogombaniwa, mfano njia ya siri ya kutengeneza bidhaa. Naona tundu hilo lina kipimo kizuri kuliko sheria nyingi zilizokuja baadaye. Je, nikifungua jalada hili, kuna kitu kitakachobaki cha kugombania? Achari inapita kipimo hicho. Mkopo wa reli haupiti.

Na hata penye kupita, si lazima mpinzani awe kipofu. Watu wa kutia Coca-Cola kwenye chupa waliishtaki kampuni yenyewe huko Delaware, na mwaka 1985 jaji akaamuru fomula maarufu itolewe kwa mawakili na wataalamu wao tu, kwa masharti makali. Kampuni ilikataa kuitoa hata hivyo. Ila muundo wa amri ndio wa kuazima: wakili anaona, mteja wake haoni.

Sisi wenyewe tumewahi kufanya karibu na hilo, tena katika kesi kubwa kuliko zote. Agosti 2017 Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi iruhusu mitambo yake ikaguliwe kwa kusomwa tu, chini ya usimamizi wa korti, bila kuanika nywila na ulinzi wake. Tume ilitoa kidogo ikabana kingi. Korti haikuvunja mlango. Iliuchukua ukaidi huo kama ushahidi dhidi ya tume, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa urais ukafutwa. Kwangu mimi hilo ni somo la mwenendo kuliko la siasa. Unaweza kuheshimu siri ya mtu na bado ukamwadhibu anayeitumia kama kichaka.

Ningekuwa katika kamati inayotunga kanuni, ningetaka fomu moja, ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Mwenye kuomba lakiri aandike ni mistari ipi, si jalada zima. Madhara gani yatamfika, si "maslahi yetu yataathirika". Na mpaka lini, maana bei ya maembe ya msimu huu si siri msimu ujao. Awasilishe nakala mbili, moja kamili kwa jaji na moja iliyofunikwa kwa wote. Amri yenyewe na sababu zake ziwe wazi daima, na hukumu isifichwe kamwe zaidi ya tarakimu na majina. Palipo na afya, mazingira au pesa za umma, ombi likataliwe mpaka mwombaji aonyeshe vinginevyo. Na mtu wa nje aweze kupinga bila kulipa ada inayozidi faida. Ugumu uko kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambako wahusika hawana mawakili, kwa hiyo ule ujanja wa "wakili aone, mteja asione" hauna pa kushikia. Hapo hakuna njia ila mwamuzi mwenyewe awe ndiye macho.

Miezi mitatu baadaye jirani yangu alirudi. Alikuwa amekwenda kwenye saiba ya mtaani na karatasi za sigara alizozikata vipande vyembamba. Alivipanga juu ya kila ukurasa wa daftari, akifunika jina la kila duka lisilokuwa la Bamburi na kila bei ya Kilifi, kisha kijana wa saiba akapiga fotokopi. Kurasa zilitoka na mistari myeupe kama meno yaliyong'olewa. Siku ya kesi msambazaji wake alilalamika kwamba kuna vitu vimefichwa. Mwamuzi akamuuliza mama kama daftari lenyewe analo. Alikuwa nalo. Mwamuzi akalipokea, akalilinganisha na nakala ukurasa kwa ukurasa huku feni ikizunguka, akalifunga, akamrudishia mkononi, akaendelea na kesi.

Mama alipata pesa zake kwa mafungu matatu. Nilimwomba anionyeshe uamuzi, nikausoma wote. Unataja nakala. Hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba daftari lilifunguliwa, na nani, na kwa ruhusa ya kifungu gani.